Chumba cha Mita Nne kwa Tatu

Mama Pasi alikuwa na kazi tatu, na katika hizo ni moja tu iliyomlipa.

Ya kwanza ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli, kutwa nzima, wima. Ndiyo iliyompa jina hilo la Mama Pasi. Ya pili ilikuwa nyumba yake, maana vyombo havijioshi na sakafu haijifagii. Ya tatu ilikuwa mama yake mzazi. Bibi huyo aliishi peke yake mtaa wa pili, ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Bomba la maji lilikuwa chini uani.

Kila siku, kabla ya kwenda kazini na baada ya kutoka, Mama Pasi alipanda ngazi sitini na mbili na ndoo mkononi. Alijua idadi yake kwa sababu alipumzika ya ishirini, ya arobaini na ya hamsini na tano. Ile ya hamsini na tano hakupumzika kwa hiari.

Mama yake alikuwa na magoti mabovu. Miezi tisa ilikuwa imepita bila mguu wake kugusa ardhi. Alikaa dirishani akitazama ukuta wa jengo lililo mbele. Zamani alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko vya kusikika mtaa mzima. Siku hizi akiulizwa jambo, alijibu kwa kichwa.

"Mama, mbona chakula umekiacha?"

"Mtu wa kukaa tu ale cha nini, mwanangu?"

Maneno hayo yalimchoma Mama Pasi kuliko pasi yoyote. Na daktari naye hakuwa amemficha kitu. Alisema, "Bibi anahitaji kutembea kidogo kila siku. Akiendelea kukaa hivi, mwisho hatasimama tena."

Basi yeye na mume wake wakaamua kumjengea chumba nyuma ya nyumba yao. Chumba kimoja tu, cha chini, mita nne kwa tatu, mlango unatokea uani. Bibi angetoka na kuingia apendavyo.

Mume wake alikuwa dereva wa lori la taka, na watu wote walimwita Dereva. Mke wake pia alimwita hivyo, hasa akiwa amekasirika. Dereva alikataa katakata kuita fundi.

"Fundi wa nini?" alisema. "Kuta nne tu! Mimi nimeona nyumba zikijengwa tangu nikiwa mtoto."

"Kuona na kujenga ni kitu kimoja?"

"Utakuja kunishukuru."

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko. Aliitumia yote. Alichimba msingi, akamwaga zege, akapanga matofali. Mama Pasi alikoroga saruji na kubeba maji, kama vile hakuwa amebeba ya kutosha wiki nzima. Jioni walikuwa taabani. Walikula huku kila mmoja akitazama sahani yake.

Baada ya Jumapili nne, kuta zilifika magotini. Jumapili ya tano, asubuhi, manyunyu yakaanza. Mlango wa chumba ulikuwa tayari, umetengenezwa na seremala mzuri, na ulikuwa umeegemezwa nje. Mama Pasi akauburuta ndani ya kuta zile apate kuufunika kwa turubai. Akaulaza chini, akausukuma hadi kwenye kona.

Haukukaa.

Ncha fupi ya mlango ililala vizuri kwenye ukuta mmoja. Lakini ubavu wake mrefu uliachana na ukuta wa pili. Kwenye kona ulikuwa umegusa, kisha ufa ukaanza, ukapanuka, ukapanuka. Mwisho wa mlango, mkono mzima ulipita katikati.

"Dereva," aliita. "Hebu njoo uone."

Dereva alikuja, akaangalia, akakunja uso.

"Seremala ametuuzia mlango uliopinda," alisema.

"Mlango umepinda?"

"Sasa ni nini kingine? Mimi nimepima. Huku mita nne, na huku mita nne. Huku tatu, na huku tatu. Nimepima mara mbili. Pande zote ziko sawa. Patapinda wapi?"

Mama Pasi alishika mlango upande mmoja, akamwonyesha mumewe ashike wa pili. Wakaugeuza, chini ukawa juu, wakausukuma tena kwenye kona ile ile. Ufa ukabaki pale pale, kwa ukubwa ule ule.

"Kama kosa ni la mlango," alisema Mama Pasi, "tungeugeuza, na ufa nao ungehama."

Wakaupeleka kwenye kona ya pili. Huko haukutaka hata kuingia. Kona ilikuwa imebana, na mlango ulikwama kabla ya kufika.

Dereva akakaa juu ya tofali, kofia mkononi. Manyunyu yakamlowesha kichwa, asijali.

"Tutaficha kwa lipu," alisema mwishowe. "Nani atajua?"

"Mabati yatajua. Mabati yamenyooka. Utayafichaje?"

"Basi unataka nifanye nini? Nimechoka, mama. Wiki nzima nabeba taka za watu, Jumapili nabeba matofali. Nimechoka!"

"Na mimi je, sijachoka?"

Wakafunika mlango kwa turubai. Ugomvi nao unataka nguvu, na nguvu hawakuwa nazo.

Jioni ile Mama Pasi alikwenda kwa mama yake kama kawaida. Alipofungua mlango, alisimama kizingitini. Nguo za mama yake zilikuwa zimefungwa mafurushi mawili. Sufuria zilikuwa ndani ya boksi. Picha ya marehemu baba ilikuwa imeondolewa ukutani na kuviringishwa ndani ya khanga. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, amevaa viatu.

"Nimefunga mapema," alisema. Alikuwa akitabasamu, jambo ambalo Mama Pasi hakuwa ameliona kwa miezi mingi. "Ulisema Jumapili tano. Leo ni ya tano. Najua leo bado, lakini nimeona nisije nikawachelewesha."

Mama Pasi alitua ndoo. Alitaka kusema ukweli, lakini akasema, "Bado kidogo, mama." Kisha akaingia jikoni, akafungua bomba lisilotoa maji na kusimama mbele yake akilia bila sauti.

Kesho yake, akitoka kazini, alipita kwenye uwanja wa michezo wa shule. Alimkuta jirani yake ameinama, anachora mistari. Mwanamke huyo ndiye aliyetunza uwanja ule: alikata nyasi, alishona nyavu za magoli, na kila wiki alichora mistari upya kwa chokaa. Alirudi nyumbani mweupe kuanzia miguuni hadi kwenye nyusi, na watu wakamwita Mama Chokaa.

Mama Pasi alisimama akatazama. Kona ya uwanja ilikuwa imenyooka. Ilipendeza.

"Jirani," aliuliza, "unajuaje kama kona imenyooka?"

Mama Chokaa aliinuka, akashika kiuno. "Mbona umeuliza na uso wa msiba? Kuna nini?"

Mama Pasi akamweleza yote: mlango, ufa, viatu vya mama yake. Mama Chokaa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaviringisha kamba yake, akaitia begani.

"Twende," alisema.

Walimkuta Dereva ameshafika, amekaa uani, anatazama kuta zake kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Shemeji, habari za ujenzi?" aliuliza Mama Chokaa.

"Usinitanie leo, shemeji."

"Sikutanii. Niambie ulianzaje kupima."

Dereva alieleza. Ukuta mrefu aliufuatisha na uzio wa jirani. Ukuta mfupi aliufuatisha na nyumba yao. Kisha akapima pande nne, akahakikisha zile zinazotazamana zina urefu sawa.

"Na nani alikwambia uzio na nyumba vimekaa mraba?"

Dereva akageuka kutazama uzio, kisha nyumba.

Mama Chokaa aliokota vijiti vinne, viwili virefu na viwili vifupi. Akavifunga ncha kwa uzi, vikawa kama fremu ya dirisha. Akaiweka chini mbele ya Dereva.

"Pande zinazotazamana ziko sawa?"

"Ziko sawa."

Akaisukuma kona moja kwa kidole. Fremu nzima ikalala upande.

"Na sasa? Kuna kijiti kilichokatika? Kuna kilichorefuka?"

"Hakuna," alisema Dereva taratibu.

"Lakini imelala. Ndicho chumba chako hicho, shemeji. Pande nne hazikudanganya. Wewe hukuuliza kona."

Mama Pasi akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Dereva hakucheka, lakini alisogea karibu.

Mama Chokaa alikunjua kamba. Ilikuwa na mafundo, na kati ya fundo na fundo palikuwa na nusu mita, sawasawa. Alihesabu vipande mbele yao. Vilikuwa kumi na viwili. Akaunganisha ncha mbili za kamba, akampa Dereva azishike.

"Wewe simama hapo. Jirani, hesabu vipande vitatu kutoka kwake, ushike fundo."

Mama Pasi akahesabu. Moja, mbili, tatu. Akashika.

"Mimi nahesabu vinne kutoka kwako." Akahesabu, akashika. "Kutoka kwangu kurudi kwa Dereva vimebaki vingapi?"

"Vitano," alisema Dereva.

"Haya, vuteni. Kamba isilegee."

Wakavuta. Kamba ikakaza, ikawa pembetatu.

"Jirani, tazama kona iliyo mkononi mwako."

Mama Pasi alitazama. Kona ilikuwa imenyooka vizuri, kama kona ya shuka lililokunjwa na yeye mwenyewe. Wakabana mafundo kwa matofali, wakaleta mlango, wakaulaza pale. Haukuacha ufa hata wa kupitisha ukucha.

"Tatu, nne, tano," alisema Mama Chokaa. "Pande mbili zinazoshika kona ni tatu na nne. Upande wa tatu, ule mrefu unaokatiza mshazari, ukiwa tano kamili, kona ni mraba, yaani nyuzi tisini. Ukiwa chini ya tano, kona imebana. Ukizidi tano, kona imefunguka."

"Tano ya nini?" aliuliza Dereva. "Mita?"

"Ya chochote. Mita, shubiri, urefu wa jembe. Mradi kipimo kiwe kimoja pande zote. Usichanganye shubiri zangu na zako, maana wewe una makoleo, si mikono."

"Na kwa nini iwe tano? Kwa nini isiwe sita?"

Mama Chokaa alifurahi. Swali hilo alilipenda. Alichota chokaa mfukoni, akachora pembetatu ile chini. Kisha, juu ya kila upande, akachora mraba na kuugawa vyumba vidogo.

"Hesabu mwenyewe. Upande wenye vipande vitatu?"

"Tatu mara tatu. Vyumba tisa."

"Upande wenye vinne?"

"Nne mara nne. Kumi na sita."

"Jumlisha."

"Ishirini na tano."

"Sasa nenda kwenye ule mrefu."

Dereva alipiga magoti. Alihesabu vyumba kimoja kimoja kwa kidole, akatia chokaa suruali nzima. Alipofika ishirini na tano, vyumba vikaisha. Akainua macho.

"Viko sawa."

"Viko sawa. Miraba ya pande mbili fupi, ukiijumlisha, unapata mraba wa upande mrefu. Ni hivyo kwa kila pembetatu yenye kona mraba, iwe ndogo au kubwa. Walimu wanaiita kanuni ya Pithagorasi. Mimi mwalimu mmoja alinifundisha siku niliyochora uwanja ukapinda, watoto wakanizomea."

Dereva alifikiri. "Na pande zikiwa sita na nane?"

"Piga hesabu."

"Sita mara sita, thelathini na sita. Nane mara nane, sitini na nne." Akajumlisha, midomo ikicheza. "Mia moja. Kumi mara kumi ni mia. Basi ni kumi!"

"Umeona? Kichwa kipo, kilikuwa kimelala. Sasa chumba chako ni mita nne kwa tatu. Kutoka kona hii hadi kona ile ya mshazari panatakiwa mita ngapi?"

"Tano," walijibu wote wawili pamoja.

Wakaleta tepu. Wakapima kutoka kona hadi kona, kukatiza katikati ya chumba. Mshazari wa kwanza ulikuwa mita nne na sentimita themanini. Wa pili ulikuwa mita tano na sentimita kumi na tisa.

Hesabu ilikuwa imesema.

"Itabidi nibomoe," alisema Dereva.

"Si yote. Ukuta huu wa uzioni utabaki. Ule unaotazamana nao utaukata ncha moja na kuuongeza ncha ya pili, karibu shubiri moja. Lakini hizi kuta mbili fupi lazima zing'oke, pamoja na msingi wake."

"Na kati ya chumba na nyumba patabaki upenyo wa pembetatu."

"Panda pilipili."

Mama Pasi alimtazama mume wake. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa saruji. Chini ya macho palikuwa na weusi. Alimwonea huruma, na moyoni alijiuliza kama kweli yeye mwenyewe ana nguvu ya kuanza upya. Hakuwa nayo. Hilo alilijua wazi. Lakini alivikumbuka viatu vile miguuni mwa mama yake, akaenda kuchukua nyundo.

"Lete," alisema Dereva. Akaichukua mkononi mwake. "Mimi ndiye niliyepinda. Acha ninyooshe."

Kabla jua halijazama, tofali la kwanza lilikuwa limeng'oka.

Mama Pasi alikwenda kwa mama yake, akakaa naye kitandani, akamwambia ukweli. Chumba kimekwenda upande. Tunabomoa kuta mbili. Zitapita Jumapili nyingine tatu au nne.

Mama yake akainama, akaanza kuvua viatu, maana alikuwa amevivaa tena. Mkono haukufika. Mama Pasi akamvua.

"Mafurushi yaache hivyo hivyo," alisema mama. "Sifungui."

Kazi ikaanza upya. Mara hii, kabla ya kuchimba, walipiga vigingi vinne na kuvifunga uzi. Kila kona waliivuta kamba ya mafundo. Kisha walipima mishazari yote miwili. Mara ya kwanza mmoja ulizidi mwenzake kwa vidole viwili. Zamani Dereva angesema si neno. Sasa alisogeza kigingi, akapima tena. Akasogeza, akapima. Mama Pasi aliyekuwa ameshika ncha ya tepu alisinzia amesimama, akaamshwa na sauti ya mume wake.

"Tano! Soma kwako, ni ngapi?"

"Tano."

"Hamia kona ya pili. Ngapi?"

"Tano, baba. Tano kamili."

Ndipo wakachimba. Na walipofika kwenye kuezeka, baada ya wiki nne, mabati yalilala juu ya kenchi, zile mbao za paa, kwa mpangilio, moja baada ya jingine, mwisho wa ukuta ukakutana na mwisho wa bati. Dereva alishuka ngazi polepole. Alisimama uani, akatazama paa lake. Tangu siku hiyo, kila anapopita panapojengwa, husimamisha lori na kuuliza, "Mmepima mshazari?" Mafundi wengine humjibu vibaya. Wawili watatu wamekwenda kupima, wakamfuata baadaye kumshukuru.

Bibi alishushwa Jumamosi, amekaa juu ya kiti, Dereva ameshika mbele na Mama Chokaa ameshika nyuma. Alipofika, aliingia chumbani kwake, akashika ukuta, akazunguka kuta zote nne kwa mkono. Kisha akasema amechoka, akalala.

Jumatatu Mama Pasi alitoka kazini miguu imevimba. Aliingia uani, akaita. Kimya. Akasukuma mlango. Kitanda kilikuwa kitupu, na fimbo yake ya kutembelea haikuwepo.

Alikimbia barabarani, kandambili moja ikamvuka, hakurudi kuiokota. Aliuliza dukani. Aliuliza kwa fundi viatu.

"Bibi mwenye fimbo? Amepita taratibu. Ameelekea uwanjani."

Alimkuta huko. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Mama Chokaa, pembeni ya mstari, upindo wa gauni umejaa chokaa. Mbele yake mpira ulikuwa ukichezwa. Alikuwa akimkemea refa kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia.

"Mama!" Mama Pasi alikuwa akihema. "Umenitoa roho! Umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Ulidhani nimeruka?"

"Je, ungeanguka? Umekaa karibu mwaka mzima bila kutembea! Simama twende nyumbani."

Mama yake hakugeuza hata shingo.

"Mpira haujaisha," alisema.

Mama Pasi alifungua mdomo agombe, akakosa pumzi ya kugombea. Akatazama jua. Hapakuwa tena na mtu wa kupandishiwa ndoo ghorofani. Hapakuwa na pa kuwahi. Akakaa chini kwenye nyasi, akaegemeza kichwa kwenye paja la mama yake, na kabla timu yoyote haijafunga bao alikuwa amelala fofofo.